Fundi Wagdi Ana Mikono Mingapi

Nisameheni mapema, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Miaka ishirini na miwili nimechekesha watu jukwaani, na mwelekezaji wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nina makosa mawili tu: naruka mistari yangu, na mikono yangu inaongea kuliko mdomo. Leo mikono inaandika, kwa hiyo haiwezi kuongea, na mdomo peke yake hamna kitu. Basi nivumilieni. Kijiwe chetu ni benchi moja na viti vinne vya mbao mbele ya mkahawa wa Maalim Sharqawi, huku Shubra, mjini Kairo, ukuta kwa ukuta na duka la pasi la Fundi Wagdi, hivi kwamba mvuke wa pasi na harufu ya kahawa hukutana juu ya vichwa vyetu na kugombana. Tunaogombana chini yake ni wanne: Maalim Sharqawi mwenyewe, birika mkononi, Hilmi, tunamwita Daktari Friji kwa kuwa anatibu majokofu, na wagonjwa wake wengi hufa, Balozi, aliyekuwa dereva Kuwait miaka tisa na hajarudi mpaka leo, kwa maneno, na mimi, Pazia, kwa kuwa nikishafunguka hakuna wa kunifunga. Wa tano ni Fundi Wagdi. Huyo hagombani tena. Zamani alikuwa na sauti ya kusimamisha tramu, lakini mwaka jana madaktari walimpasua koo kumtoa uvimbe, na sauti ikatoka na uvimbe. Mwezi wa kumi na nne huu anazungumza nasi kwa mikono.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, Fundi Wagdi alitoka dukani na kompyuta ya kukunja kwapani, na mkononi kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, kioo juu, waya nyuma. Akaviweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

— Ni kile cha Nesma? aliuliza Sharqawi.

Fundi akaitikia kwa kichwa: ndicho.

Nesma ni binti yake, yuko Montreal, fundi wa kompyuta. Vidole vya baba yake vimeungua na pasi miaka arobaini hata kioo cha simu hakivitambui. Ukimpa simu aiguse, ni kama imeguswa na kijiti. Basi binti akatafuta chombo kisichotaka kuguswa. Hicho kisanduku kinatazama mikono hewani, kinaiambia kompyuta imeona nini, na kompyuta inatamka. Na si sauti ya kukodi. Nesma alichimba jumbe zote za sauti ambazo baba yake aliwahi kumtumia, akachomoa maneno saba tu yaliyokuwa safi: Njoo. Subiri. Nyamaza. Nina njaa. Chumvi imezidi. Alhamdulillahi. Na la saba, Ihsan.

Ihsan alikuwa mke wa Fundi. Miaka thelathini na moja alikaa kando ya meza ya pasi, bakuli la maji mapajani, akinyunyizia nguo kwa vidole. Ana miaka mitatu kaburini. Nesma alijifungua binti wiki iliyopita, na jina alishalichagua kabla hajamaliza kusukuma.

Siku hiyo ilikuwa ya saba. Kule Montreal, kwa desturi yetu, wangemweka mtoto kwenye chekeche, wangempigia kinu cha shaba sikioni, wangemwaga nafaka na chumvi, na kisha mkubwa wa ukoo angemwita jina lake kwa mara ya kwanza. Mkubwa wa ukoo ni Fundi Wagdi. Simu ingepigwa saa kumi na moja. Nesma alimwambia babake waziwazi: jina halitamkwi na mtu mwingine. Hata baba wa mtoto ameambiwa amwite "wewe" mpaka jioni ile.

— Kuna karatasi ya masharti, alisema Balozi. Soma, Pazia, wewe una sauti ya redio.

Nikaifungua, nikakohoa kikohozi cha jukwaani.

— Moja: msikiweke juani. Mbili: futeni kioo, kisiwe na alama za vidole. Tatu: Baba asikiguse, mikono ielee juu yake kama shubiri mbili. Nne: akunje mikono ya shati, vidole na vifundo vionekane.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

— Basi? aliuliza Daktari.

— Basi.

Fundi akakunja shati, akanyoosha mkono juu ya kisanduku, akaita hewani kwa vidole: njoo. Kimya. Akarudia. Kimya.

— Kimekufa, alisema Daktari.

— Kwa kuwa wewe umekitazama, alisema Sharqawi. Mbona kiko juani? Si sharti la kwanza hilo?

Tukaiburuta meza chini ya turubai. Sharqawi akapangusa kioo kwa kona ya aproni. Fundi akanyoosha mkono tena, vidole vikaita.

— Njoo, alisema Fundi Wagdi.

Ndiyo, najua ni kompyuta iliyosema. Lakini ilikuwa sauti yake ile ile, nzito, yenye kutu kidogo, sauti iliyokuwa ikituita kula maharage kila Ijumaa. Hakuna aliyecheka. Balozi alivua kofia, sijui kwa nini. Sharqawi akageuka, akaenda kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Fundi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akafanya ishara ya mkono kinywani.

— Nina njaa, ilisema sauti.

— Miezi kumi na minne nimekusubiri, alisema Sharqawi bila kugeuka, na neno la pili unadai chakula.

Hapo tukapona, na watu waliopona hawakosi la kubishania. Ilikuwa saa kumi na robo.

— Swali langu, alisema Balozi, kinajuaje?

— Joto, alisema Sharqawi. Kama mimi na birika. Naweka mkono juu, sijaligusa, najua limechemka.

— Basi weka birika.

Akaweka birika la moto juu ya kisanduku. Kompyuta kimya. Daktari akaingiza mkono kwenye ndoo ya barafu ya soda, akahesabu mpaka thelathini, akautoa umegeuka zambarau, akaita nao juu ya kisanduku.

— Njoo, ilisema sauti ya Fundi.

— Joto limekufa, alisema Daktari, akipuliza vidole. Ni sumaku hiyo. Damu ina chuma. Na Fundi ameshika pasi miaka arobaini, chuma chote kimemhamia. Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi.

— Hilo linahusiana nini na sumaku?

— Kingekuwa kitupu kisingelambwa. Kinalambwa. Maana yake kina kitu.

Fundi Wagdi akamgusa Daktari begani, akainua kidole kimoja mbele ya pua yake mwenyewe. Akafumba jicho la kushoto. Akafumbua, akafumba la kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia.

— Vumbi limemwingia, nikasema. Maalim, lete majani ya chai ya baridi.

Sharqawi akaleta. Fundi akamsukuma mkono kwa upole, akashika birika dogo, akafumba jicho moja na kujaribu kumimina chai glasini. Ikamwagika yote kwenye sahani.

— Ana wasiwasi, maskini, alisema Balozi. Mkono unamtetemeka. Mkalisheni.

Tukamkalisha. Alipumua kwa pua, kama mwalimu wa darasa zima la viziwi.

Kumbe Daktari naye, kwa haki, alikuwa na moja la maana. Unajua rimoti ya televisheni ikibonyezwa macho yako hayaoni kitu, lakini ukiitazama kwa kamera ya simu unaona taa inawaka kichwani? Hiyo ndiyo elimu yake yote, na siku hiyo ilimfaa. Akaelekeza simu yake kwenye kisanduku.

— Tazameni.

Tukainama vichwa vinne. Kwenye simu, ndani ya kioo cheusi, taa tatu zilikuwa zinawaka, rangi ya zambarau. Kwa macho yetu hakukuwa na kitu.

— Kinammulika mikono kwa mwanga ambao hatuuoni, alisema Daktari. Ndiyo maana kilikufa juani. Nani anawasha mshumaa mchana?

Tulimheshimu kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

— Na haya matundu mawili? aliuliza Sharqawi. Hapa na hapa.

— Kamera.

— Kwa nini mbili?

— Kule Kuwait, alisema Balozi, nilimwendesha bwana mmoja aliyekuwa na chombo kama hiki mlangoni. Moja inasoma kiganja, nyingine inasoma mgongo wa mkono. Kiganjani ndipo ilipo bahati yako. Inajua utasema nini kabla hujasema.

— Moja inalinda, moja inalala, alisema Sharqawi. Kama polisi.

— Hakuna kamera hapo, nikasema. Ni popo. Chombo kinapiga kelele usizozisikia, zinagonga mkono, zinarudi. Popo haoni, lakini umewahi kumwona amegonga mlango?

— Wewe ndiye unapiga kelele tusizozisikia, alisema Daktari. Na hazirudi.

Fundi akafumba jicho la kushoto, akafumbua, akafumba la kulia. Nikamwahidi kwamba tukimaliza tutampeleka kliniki.

Saa kumi na moja kamili kompyuta ikalia. Nesma alitokea, uso umechoka na unang'aa, nyuma yake sebule iliyojaa wanawake, na mbele yake, kwenye chekeche lenye mapambo ya karatasi, kitu kidogo chenye hasira.

— Baba, alisema Nesma. Unamwona?

Fundi alimwona. Hakuhitaji kompyuta kulisema hilo.

— Ameamka mapema, hajanyonya, anasubiri wewe tu. Hatuna muda mrefu, Baba, ana roho yako.

Shoga yake mmoja akaanza kugonga kinu, ngo, ngo, ngo. Sharqawi naye akachukua kinu chake cha iliki akajibu kutoka Shubra. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Fundi, begani kwake, mahali pazuri pa kuonekana, nikawatuliza wenzangu kwa viganja viwili juu ya meza, taratibu jamani, taratibu.

— Nyamaza, ilisema sauti ya Fundi Wagdi.

Sebule ya Montreal ikanyamaza. Mtoto akaanza kulia.

— Si yeye, Nesma, nikasema haraka. Mitambo tu. Babako ana furaha, tena tumewaandalia karanga na peremende, hata sisi tutakula kwa ajili yenu. Nikamwonyesha tutakavyokula.

— Nina njaa, ilisema sauti.

— Baba?

Fundi alikuwa ameinua mikono yake miwili juu ya kisanduku, haijasogea hata ukucha. Alinitazama. Nikainua mabega.

Kule wakaanza kumwaga chumvi ya kumkinga mtoto na jicho baya. Mama mmoja mnene alimwaga kwa moyo wote, nami nikamwonyesha yule mama kwa vidole vyangu, hivi, mwaga hivi, kidogo kidogo.

— Chumvi imezidi, ilisema sauti.

Montreal ikavunjika kwa kicheko. Nesma pia alicheka, kisha akaacha, kwa sababu aliona uso wa babake. Mtoto alikuwa analia mpaka ulimi unatetemeka. Mikono ya Fundi ilianza kushuka.

— Imeingiwa na jini, alisema Balozi. Nilisema inajua kabla hujasema. Moyoni ana njaa.

— Ni sumaku, alisema Daktari. Vinu viwili vya shaba kwa mpigo, sumaku itakosaje kuchanganyikiwa?

— Ni sauti yenyewe, alisema Sharqawi. Ilikaa miezi kumi na minne peke yake. Imerudi na tabia.

— Popo, nikasema, na nikawaonyesha popo akiruka.

— Njoo, ilisema sauti. Njoo. Njoo. Nyamaza. Njoo.

— Baba, alisema Nesma kwa sauti ya chini, dakika moja tu zaidi, kisha lazima nimnyonyeshe. Ukitaka nitalitamka mimi. Si neno. Nitasema ni wewe umenituma.

Fundi Wagdi aliweka mikono yake mapajani. Akaangalia kiganja kimoja, kisha kingine, vile unavyotazama chombo kilichokuhudumia vizuri na leo kimekuaibisha mbele ya wageni. Kisha akanyoosha kidole, kile kilichoungua, kuifunga kompyuta.

— Samahani, alisema mtu. Nimefuata magauni mawili.

Alikuwa mama mmoja mgeni mtaani, tumekuja kujua baadaye anaitwa Bi Inshirah, anafundisha hesabu darasa la tatu. Tikiti ya nguo mkononi, mkoba begani. Hatukumjibu, tulikuwa tunajadili popo. Akasogea, akatazama kompyuta juu ya kichwa cha Fundi. Pembeni mwa skrini, chini ya uso wa Nesma, palikuwa na kidirisha ambacho sote tulikiona tangu mwanzo na hakuna aliyekitazama. Humo kisanduku kilikuwa kinachora kile kinachokiona: mifupa ya vidole, kwa mistari myeupe, kifundo kwa kifundo.

— Nauliza tu, alisema Bi Inshirah. Fundi ana mikono mingapi?

Balozi alitazama upande wa Kuwait.

Mikono ya Fundi ilikuwa imerudi mapajani. Na kwenye kidirisha palikuwa na mikono miwili, hai, imenyooshwa, ikipunga kama popo.

Niliisimamisha yangu. Ile ya kwenye kidirisha ikasimama. Nikakunja kidole kidogo. Na kwenye kidirisha kikakunjika.

— Mkono mmoja haulei mwana, alisema Balozi polepole.

— Leo minne nusura imuue kwa njaa, alisema Sharqawi. Pazia, kaa chini.

Nikakaa. Nikaingiza mikono chini ya makalio, kulia na kushoto, nikaikalia. Nawaambia ukweli, jukwaa lolote nililowahi kufukuzwa halikuniuma hivyo.

Fundi akamgeukia Bi Inshirah, akainua kidole mbele ya pua, akafumba jicho la kushoto, akafumba la kulia.

— Naam, alisema yule mama, bila kufikiri hata kidogo. Anasema kisanduku kina macho mawili. Kila moja linauona mkono mahali tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayokiambia uko mbali kiasi gani. Kwa jicho moja huwezi hata kumimina chai. Mbona anaeleza wazi sana?

Sharqawi akamvutia yule mama kiti.

— Baba, alisema Nesma.

Fundi Wagdi aliinua mkono wake wa kulia juu ya kisanduku. Sasa, ishara yake ya jina la mkewe mnapaswa kuijua. Anakusanya vidole vitano ncha kwa ncha, kama mtu aliyechovya kwenye bakuli la maji, kisha anavifungua taratibu, ananyunyiza. Lakini vidole vitano vikikusanywa hivyo, kwa kila mtu wa Kairo, hata anayenyonya, maana yake ni moja: subiri. Mkono wa kijana ungepita hapo upesi. Mkono wa Fundi ni mzito, vifundo vimekauka. Ulikaa umekusanyika kidogo, na kisanduku, ambacho Nesma amekifundisha vizuri, kikasema kilichokiona.

— Subiri, ilisema sauti yake.

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja, vikanyunyiza.

— Ihsan.

Lilikuwa limechomolewa kwenye ujumbe wa zamani, siku fulani alipokuwa anamwita mkewe alete maji. Halikutamkwa kwa ajili ya kumpa mtoto jina. Lilikuwa na uchovu wa mchana na pasi ikichemka nyuma yake, na uhakika wa mtu anayejua ataitikiwa.

Mtoto alinyamaza. Labda alichoka, watoto huchoka. Akageuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti.

Nesma alifunika mdomo kwa kiganja. Fundi akakusanya vidole tena.

— Subiri, Ihsan, ilisema sauti. Subiri, Ihsan.

Tungeweza kumwambia aharakishe vidole, neno la kwanza lisitoke. Daktari alitaka, nilimwona. Sharqawi akamkanyaga mguu.

Mtoto alipopelekwa kunyonya na skrini kuzimika, Fundi alikaa kimya chake kile kile, lakini kimepigwa pasi. Sharqawi akamimina kahawa kwa wote, na kwa Bi Inshirah, na mimi nikanyweshwa kwa mkono wa Balozi kwa kuwa yangu ilikuwa bado kizuizini. Kisha Fundi akaninyooshea kiganja: karatasi ya binti yangu, niitunze.

— Ipo salama mfukoni, nikasema, nitakuletea kesho.

Balozi akaniingiza mkono mfukoni bila kuomba, akamkabidhi Bi Inshirah. Na walimu, Mungu awahurumie, wanasoma mpaka chini.

— Kuna sharti la tano hapa, alisema.

— Lisome, Mwalimu, alisema Sharqawi, macho kwangu.

— "Tano, na hili ndilo kubwa: kabla ya yote, ami Pazia akalie mikono yake."

Nilikuwa nimeliona. Nilidhani ni utani, tena utani ambao haukuchekesha, na mbele ya watu. Ndiyo hivyo, ndugu zangu: miaka ishirini na miwili jukwaani naomba niandikiwe mstari mmoja tu wa kwangu, wenye jina langu, na siku nilipoandikiwa, nikauruka.